Sikio Lililoshonwa

9 Machi 1958
Mvua: hakuna. Mawingu yamekaa juu ya msitu kama wageni wanaongoja chakula.

Bwana shamba amesema kila anayetaka miche ya chai aandike mvua siku kwa siku, mpaka miche ije mwisho wa Mei. Wanaume wakacheka. Mimi nikaomba daftari. Akaniuliza, "Mama, unajua kuandika?" Nikamwambia, "Lete daftari kwanza, maswali baadaye."

Shule sikuiona ndani hata siku moja. Herufi nilipewa na binti yangu Rebeccah, Jumapili baada ya ibada, miaka mitatu, kwa kitabu cha Kiswahili cha misheni. Ndiyo maana mkono wangu unajua Kiswahili tu, ingawa mdomo ni wa Kipsigis. Bwana shamba akikuta nimeandika zaidi ya mvua, asome. Ukurasa ni mkubwa na mvua ni neno moja.

Jambo lenyewe ni hili. Chai inapandwa kwenye shamba lenye mpaka na lenye mwenyewe. Shamba hili marehemu mume wangu aliliachia nyumba yangu, pamoja na ng'ombe saba. Mwenyewe ni mwanangu Kipkorir. Kipkorir alikwenda na jeshi la Mwingereza mwaka wa 1942, na barua ya serikali ikasema hajulikani alipo. Kutojulikana alipo si kufa. Mbuzi wangu pia huwa hajulikani alipo, na jioni anarudi. Lakini shemeji yangu arap Mosonik ana wana wanne na macho marefu, na macho hayo yako kwenye shamba langu. Anasema nyumba isiyo na mwana ni ya ndugu. Miche ikifika, kokwet, baraza la wazee wa kijiji chetu, litakaa kuonyesha mipaka. Siku hiyo nikiwa sina mwana, nitakuwa mgeni kwenye jiko langu mwenyewe.

12 Machi
Mvua: hakuna.

14 Machi
Mvua: matone, si ya kuhesabu.

Leo nimempata mtu wa kukaa naye. Anaitwa Phelis. Alikuwa anachuma chai kwenye shamba la wazungu, mtu akampa mimba akahama, na baba yake akamfukuza. Nilimkuta sokoni Kapkatet ameshika kikapu mbele ya tumbo. Nikamwambia, "Binti, kikapu hakifichi mlima. Unajua kukamua?" Akasema anajua. Akaja.

Mkunga Chepchumba, ambaye ni rafiki yangu tangu tukiwa wasichana, alipomwona aliniminya mkono. "Mungu amekuletea mke."
"Nyamaza."
"Nyamaza ya nini? Mwanamke asiye na mwana huoa mke. Nyanya yako alioa. Mtoto wa Phelis atakuwa wa nyumba yako, Mosonik atakula vumbi."

Najua desturi yetu kuliko yeye. Anayeoa mke ni mwanamke ambaye mwana hakuzaliwa au mwana amekufa. Nikioa, nimemzika Kipkorir. Nilimwambia akale ugoro wake aende.

20 Machi
Mvua: imekuja. Kubwa, kutoka saa nane mpaka jioni.

Nitaandika yote.

Mvua ilipoanza mtu alisimama chini ya paa langu, upande wa nje, kama ng'ombe wa jirani. Koti la jeshi lenye mashimo, miguu mitupu, mfuko wa gunia. Nikamwita ndani. Mtu hasimami kwenye mvua mbele ya mlango wangu, hata kama ni mwizi. Aibe akiwa mkavu. Akaketi karibu na moto. Phelis akampa maziwa ya kibuyu, naye akayapokea kwa mikono miwili, akanywa, akageuza kichwa kufuta mdomo.

Ndipo nikaona sikio la kushoto.

Kipkorir alitobolewa masikio, yakavutwa mpaka yakaning'inia, kama watoto wote wa wakati ule. Kamba ya ndama ilinasa sikio la kushoto ikalipasua mpaka chini. Alikwenda vitani likining'inia vipande viwili, na mimi nikamwambia, "Mwanangu, tafuta mtu akushone." Sikio la mtu huyu limeshonwa. Kovu liko mahali pale pale, nene kama punje ya mahindi.

Nilimshika sikio. Sikuuliza jina. Nililia kama ng'ombe aliyerudishiwa ndama, na nikasema, "Walikushona. Walikushona, mwanangu." Yeye akaniangalia. Hakusema ndiyo. Hakusema hapana. Machozi yakamtoka.

Phelis alikimbia kwenye mvua na tumbo lake kuwaita majirani.

21 Machi
Mvua: ndogo asubuhi.

Nimechinja dume la mbuzi. Kijiji kizima kimekuja. Wazee walimtazama, wakanitazama, wakasema amekonda, amekuwa mweusi, vita ni vita. Wenzake wa rika waliokwenda naye hawakurudi hata mmoja. Na mama akisema huyu ni wangu, nani atabisha?

Arap Mosonik alikula nyama nyingi kwa mtu asiye na furaha.

Nimetembea kijijini nimeinua shingo kama korongo. Miaka kumi na sita walikuwa wananihurumia. Sasa wanihurumie tena, nione.

22 Machi
Mvua: nzuri. Hazungumzi sana. Anakula vizuri.

26 Machi
Mvua: saa tisa mpaka usiku.

Leo amefunga ua wa ndama kwa kamba. Amefunga fundo safi, akikunja kidole gumba cha mkono wa kulia.

Kidole gumba cha kulia cha Kipkorir hakikunjiki. Alijikata na mundu akiwa mchungaji, mshipa ukakatika, kikabaki wima kama mti.

Labda jeshi lilimtibu. Walitibu sikio.

27 Machi
Mvua: ipo. Leo sikuangalia mikono yake.

28 Machi
Mvua: ipo. Leo pia.

3 Aprili
Mvua: asubuhi jua, mchana mvua, kama inavyopaswa.

Ameanza kuchimba mashimo ya chai. Bwana shamba alitupimia kamba, akaweka vijiti, akasema mashimo mia mbili kwanza. Mtu huyu anachimba kama anayetafuta kitu alichopoteza. Saa nne nilimpelekea uji nikamkuta amefika shimo la kumi na saba.

"Pole, pumzika, utakufa kabla ya chai kuota."
"Mama, hili la kumi na saba lina jiwe. Ngoja nilitoe."
"Jiwe limekaa hapo tangu uumbaji, litangoja uji."

Akacheka. Ndiyo mara ya kwanza. Kicheko chake ni cha polepole, kinaanzia tumboni. Cha Kipkorir kilikuwa cha haraka, kama kuku.

Watu hubadilika.

9 Aprili
Mvua: nzito.

Rebeccah amekuja kutoka kwa mume wake ng'ambo ya mto, na mtoto mgongoni. Aliketi na mtu yule nusu siku. Kisha akanivuta nyuma ya ghala.

"Mama, nilikuwa na miaka kumi na miwili Kipkorir alipoondoka. Alinifundisha kupiga mluzi. Huyu hajui kupiga mluzi."
"Meno yameoza."
"Mama."
"Rebeccah, mimi ndiye niliyezaa. Wewe ulizaliwa ukamkuta."

Akamweka mtoto vizuri mgongoni. Halafu akanikumbusha jambo ambalo halipendi hata yeye. Mtoto wake alipozaliwa, wanawake walikaa kuita majina. Kwetu mtoto akizaliwa tunamtajia majina ya watu wa ukoo waliokufa, moja moja, na ugoro kidogo puani; jina atakalopigia chafya ndilo la roho iliyomrudia. Wafu tu ndio huitwa, aliye hai haitwi. Chepchumba alifungua mdomo kusema Kipkorir. Nikampiga kofi mbele ya wanawake kumi.

"Ulimpiga kofi mkunga, Mama. Mtoto wangu akiwa na kitovu kibichi. Mpaka lini?"

Nilimpa maziwa apeleke nyumbani. Mimi ni mtu mkali lakini sijawahi kumruhusu mtu wangu aondoke mikono mitupu.

15 Aprili
Mvua: ipo. Mashimo tisini na moja.

22 Aprili
Mvua: ya mawe.

Ilikuja saa kumi kutoka upande wa Kericho, nyeupe, na sauti kama lori la mawe linamwagwa. Mawe makubwa kama mayai ya kware. Paa la jiko likaanza kufunguka upande wa upepo, na chini yake alikuwa Phelis, ambaye hawezi kukimbia sasa na tumbo lile.

Mtu yule alipanda juu ya paa. Alilala juu ya nyasi, tumbo chini, mikono na miguu imetawanyika, akalishika paa kwa mwili wake mpaka mvua ilipochoka. Nikapiga kelele, "Kipkorir! Shuka!" Hakugeuka. "Kipkorir!" Hakugeuka. Nikasema, "Wewe! Utakufa!" Akageuza kichwa.

Alishuka na uvimbe kichwani kama viazi. Nikampaka mafuta ya ng'ombe. Phelis, ambaye huniita Gogo, yaani nyanya, alikuwa analia akicheka: "Gogo, angalia kichwa chake, mtu apande viazi hapo." Hata mtu yule akacheka.

Nimempaka mafuta polepole. Nimejua nilichokuwa nakijua. Bado sitakiandika.

2 Mei
Mvua: ndogo.

Arap Mosonik amekuja. Hakuketi. Alikataa maziwa, na mtu wa ukoo akikataa maziwa ameleta vita.

"Shemeji, watu wanazungumza."
"Watu wana midomo. Ng'ombe pia."
"Sina ubaya na kijana. Lakini nataka wazee wasikie. Siku ya kokwet, aape. Ashike udongo wa shamba hili, aseme alizaliwa na ndugu yangu. Akiapa, mimi na wanangu hatutavuka mpaka wako tena, wala kusema neno."

Kiapo kwetu si mchezo. Anayeapa uongo juu ya udongo hafiki mavuno mawili, na wala watoto wake hawafiki. Mimi naenda kanisani, naimba, lakini nimeona kwa macho yangu mtu aliyeapa uongo juu ya ng'ombe, na nilimwona alipobebwa.

Mtu yule alikuwa mlangoni na jembe. Alisikia yote.

4 Mei
Mvua: hakuna. Jumapili.

Nilirudi kutoka ibadani nikamkuta kwenye shimo la mia moja arobaini, ameketi ukingoni, miguu ndani. Jembe amelilaza. Akaniambia, "Mama, keti." Nikaketi upande wa pili, miguu yangu pia ndani ya shimo.

"Mimi si Kipkorir."
"Najua."

Alinitazama kama nimempiga.

"Tangu lini?"
"Tangu ulipofunga ua wa ndama. Mwanangu kidole chake cha gumba kilikuwa kijiti."
"Kwa nini hukunifukuza?"
"Jibu wewe kwanza. Kwa nini hukusema?"

Akasema jina lake ni Jonah. Baba na mama walikuwa vibarua kwenye shamba la mzungu upande wa Molo. Walikufa kwa homa akiwa mdogo, shamba likauzwa, na hana hata mahali pa kuelekeza kidole aseme hapo ndipo kwetu. Alikwenda jeshini kwa sababu huko walikuwa wanagawa blanketi. Baada ya vita amekuwa akitembea: Londiani, Sotik, Mogogosiek, kibarua hiki, kibarua kile.

"Na sikio?"
Akalishika. "Daktari wa jeshi alitushona sote, Mama. Kila aliyekuwa na sikio la kuning'inia. Siku moja, tukiwa kwenye mstari, kama ndama wanaopigwa chapa. Tulikuwa zaidi ya mia."

Zaidi ya mia. Mimi nilidhani kovu lile Mungu alitengeneza moja.

"Ulimwona kwenye mstari? Mtu mrefu, kidole hakikunjiki?"
Akachota udongo wa ukingoni, akaumwaga shimoni. "Ningeweza kukuambia nilimwona. Nimefikiria tangu juzi niseme hivyo, ungefurahi. Sikumwona, Mama. Sikumjua."

Kisha akasema, "Ulinishika sikio ukalia. Hakuna mtu aliyewahi kunililia. Nikasema moyoni, nitakaa mpaka mvua iishe, niondoke asubuhi. Asubuhi ukachinja mbuzi. Mtu ataondokaje kwenye mbuzi wake mwenyewe?"

Niliinuka. Nilimwambia, "Maliza shimo." Nikaenda nyumbani.

5 Mei
Mvua: ipo. Nimemnyima uji.

6 Mei
Mvua: ipo. Nimemnyima uji. Phelis amempelekea kwa siri. Nimemwona, nikageuka niangalie mbuzi.

7 Mei
Mvua: ipo.

Nimempelekea uji mwenyewe. Hasira ilikuwa ya kwangu, si ya kwake. Yeye alikaa kimya wiki sita kwa sababu ya uji na moto. Mimi nilikaa kimya wiki tano nikiwa na macho.

11 Mei
Mvua: asubuhi mpaka asubuhi.

Jonah amesema ataapa.

Alikuwa anakata kuni. Alisema bila kuinua kichwa, kama mtu anayesema ataenda sokoni. "Nitashika udongo. Niape mimi ni Kipkorir. Sina mke, sina mtoto. Kiapo kikinila, kitakula mtu mmoja tu. Wewe utabaki na shamba."
"Unajua unasema nini?"
"Najua. Mimi pia nililelewa na Wakipsigis, Mama, hata kama walikuwa vibarua."

Sikulala. Nilifanya hesabu zote. Ni kweli ingekuwa rahisi. Mosonik mwenyewe ameweka mtego, na huyu anajitolea kuingiza mguu. Shamba lingekuwa langu mpaka kufa. Ningekunywa chai yangu nikitazama mto.

Nikafikiria mwanamke yule wa Molo, mama yake, aliyekufa kwa homa akamwacha. Angekuwa ananitazama kutoka huko aliko, nikimtoa mwanawe kwa mashimo mia mbili.

18 Mei
Mvua: ipo. Mashimo mia mbili yamekwisha. Aliongeza kumi na nane. Nilimuuliza ya nini. Akasema kamba ilikuwa bado ndefu.

24 Mei
Mvua: ilingoja mpaka tulipomaliza.

Miche imefika jana kwa lori, imefungwa kwenye majani ya ndizi. Leo kokwet limekaa chini kwenye uwanja wa nyasi, wanaume kwenye viti vyao, wanawake nyuma. Mzee Chepyegon, ambaye ndiye mkubwa wa baraza, alisema mipaka ya watu wanne kabla yangu, haraka haraka. Ikafika yangu.

Arap Mosonik akaleta bonge la udongo kwenye jani. Udongo wa shamba langu, aliuchota mwenyewe bila hodi. "Kijana aje."

Jonah akatoka. Alikuwa amefua lile koti. Alienda wima, kama askari, akanyoosha mkono kwenye jani.

Nilipita katikati ya viti vya wazee. Mwanamke hapiti hapo. Nilipita. Nikampiga mkono udongo ukaanguka.

"Rudisha mkono wako."
"Mama..."
"Nimesema rudisha. Siwezi kununua shamba kwa roho ya mtoto wa mwanamke mwingine."

Nikawageukia wazee.

"Huyu anaitwa Jonah. Si mwanangu. Nilimwita mwanangu mimi mwenyewe, yeye hakujiita. Kama kuna wa kulaumiwa ni macho ya mama mjinga. Alikuwa tayari kula kiapo cha kifo ili mimi nipate pa kulala, na kati ya ninyi mnaoketi hapa, wa damu ya mume wangu, sijaona aliyekuwa tayari kunipa hata jembe."

Arap Mosonik akainuka, uso unang'aa. "Mmesikia wenyewe! Hana mwana!"

"Keti, shemeji. Sijamaliza."

Nilikuwa nimeyabeba maneno haya miaka kumi na sita, na yalikuwa na kona kali.

"Kipkorir, mwana wa nyumba yangu, alikufa. Sijui wapi. Alikufa. Mnasikia ninavyosema. Na kwa kuwa amekufa bila mke na bila mtoto, nyumba yangu haina mwana, na mimi leo, mbele yenu, ninaoa. Ninamwoa Phelis. Ng'ombe ninao. Mtoto aliye tumboni ni wa nyumba yangu, na shamba lile ni lake, na mashimo yake yamechimbwa."

Mosonik alifungua mdomo. Ukabaki wazi. Mtu mmoja nyuma akacheka, halafu wawili, na mzee Chepyegon akafuta macho.

"Arap Mosonik," akasema, "nyanya ya huyu mama alioa. Mama yangu mimi alilipiwa ng'ombe na mwanamke. Unataka kuniambia mimi sikuzaliwa?"

Jambo likaisha. Mpaka ukasemwa: kutoka mti wa mkuyu mpaka mto. Mvua ikaanza.

Rebeccah alinifuata nyumbani amejifunika leso kichwani. "Mama, kanisani watasema nini?"
"Watasema. Wana midomo."
Baada ya hatua kumi akanishika mkono. "Ulipita katikati ya viti vyao," akasema, na alikuwa anacheka na kulia, "ulipita kama ng'ombe mwenye kengele."

Phelis nilikuwa nimemuuliza jana, asidhani mtu kwamba nilimwoa bila kumuuliza. Alisema, "Gogo, wanaume nimeona mmoja. Wewe angalau hutahama."

25 Mei
Mvua: ipo.

Jonah alikuwa ameshafunga gunia lake asubuhi. Nikamuuliza anakwenda wapi.
"Sijui. Si nimemaliza?"
"Mashimo ni matupu. Nani amekuambia shimo ni chai? Na ukikaa, utakaa na jina lako. Mtu akikuita Kipkorir usiitike."
Akafungua gunia.

26 Mei
Mvua: ipo.

Leo nimenyoa nywele zangu zote. Chepchumba ndiye aliyenyoa. Nililia siku nzima kwa sauti, na majirani walikuja wakalia nami. Hata arap Mosonik alikuja, akasimama mbali, akavua kofia. Alimfundisha Kipkorir kurusha rungu. Nilikuwa nimesahau hilo. Nilimpa maziwa. Akanywa.

3 Juni
Mvua: nzuri mno.

Tumepanda. Jonah anashika mche, mimi nasukuma udongo, Phelis anatuamuru kutoka kwenye kigoda kwa sababu hawezi kuinama. Mia mbili kumi na nane.

10 Juni
Mvua: ipo. Nimepeleka ng'ombe wanne kwa baba yake Phelis. Yule aliyemfukuza. Alikuja mbio kama mvua ya mawe. Tulifungwa majani ya sinendet, mimi na mke wangu, kama watu wote wanaooana. Nilipendeza.

19 Juni
Mvua: tangu alfajiri, haijaacha.

Chepchumba alinizuia mlangoni. "Mume hukaa nje mke akizaa."
"Mume huyu ataingia. Sogea."
Akasogea.

Ni mvulana. Mkubwa, mwenye hasira. Nje, chini ya paa, pale pale aliposimama siku ya kwanza, nilimsikia Jonah akiuliza ukuta, "Wazima? Wazima wote?"

Wanawake wakaketi kuita majina. Rebeccah akaketi nao, na kanisa lake. Chepchumba akaweka ugoro kidogo. Tukamwita babu wa mume wangu. Kimya. Tukamwita baba yake. Kimya. Tukaita watano, na mtoto alitukunjia uso tu, kama mzee anayesumbuliwa na nzi.

Chepchumba akanitazama. Hakusema jina. Aliweka mkono shavuni kwake, pale nilipompiga kofi, akangoja.

Ni jina nililolipigia kelele nikiliita kutoka malishoni, nikiliita kula, nikiliita kwa hasira. Sijawahi kuliita kati ya wafu. Nikaliita. "Kipkorir."

Mtoto akapiga chafya.

Rebeccah anasema ni ugoro. Ugoro ulikuwapo kwa yale majina matano pia.

Nimetoka nje nikamwonyesha Jonah. Alimtazama, halafu akafanya jambo la ajabu: akamgusa sikio la kushoto, kwa kidole kimoja, taratibu. Zima. Halijatobolewa, na halitatobolewa.

"Mama," akasema, "nimepita kwenye chai sasa hivi. Imetoa jani."
"Miche mingapi?"
"Sikuhesabu. Nilikimbia kuja kukuambia."

Bwana shamba, ukifika ukurasa huu: mvua ilikuwa nyingi, na yote imeingia ardhini.